Pengo la Diski: Kompyuta Kuukuu Ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa

Historia ya kompyuta katika Likoni, Kisauni na Changamwe, sehemu tatu za Mombasa zilizo ng'ambo ya kisiwa, kwa kiasi kikubwa ni historia ya mashine zilizokwisha kutumikia ofisi za watu wengine. Kasha dogo la chuma, ambalo wauzaji na wanunuzi huliita sipiyu ingawa sipiyu halisi ni kipande cha silikoni kilichofichwa ndani yake, hufika Kenya likiwa na umri wa miaka minne, mitano au zaidi, na mara nyingi hufika bila diski, kile kifaa ambamo kompyuta huhifadhi programu na mafaili hata stima inapozimwa. Namna pengo hilo lilivyojazwa, kwanza kwa diski za sumaku zinazozunguka na baadaye kwa diski mango, yaani diski isiyo na kiungo chochote kinachotembea na ambayo mafundi huitaja kwa herufi zake tatu tu, SSD, hueleza vizuri kuliko jambo lingine lolote jinsi ufundi wa kompyuta ulivyokua katika mitaa hiyo. Kasi ya diski mango husifiwa sana, lakini diski hiyo ilikuwapo sokoni kwa miaka mingi kabla haijavuka maji ya Kilindini na Tudor, na kilichoivusha ni kukutana kwa mambo ambayo asili yake hayakuhusiana: sheria za Ulaya kuhusu siri za watu, kuporomoka kwa bei ya chipu za kumbukumbu, na ulafi wa mfumo mmoja wa uendeshaji.

Jiografia ya mji ina sehemu yake katika habari hii. Kwa karne nyingi kisiwa ndicho kilichokuwa mji, na nchi iliyokizunguka ilihesabiwa kuwa mashamba; hata katika karne ya 20 ofisi za serikali, benki, nyumba za mawakala wa meli na maduka makubwa vilijipanga kisiwani, huku wafanyakazi waliozidi kuongezeka wakipanga vyumba ng'ambo. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilipita Changamwe, na baadaye eneo hilo likapata kiwanja cha ndege, kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 na kusimama mwaka 2013, pamoja na gati za makontena za Kipevu, ambako kituo cha pili cha makontena kilifunguliwa mwaka 2016. Kisauni iliunganishwa na kisiwa kwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maji hadi daraja la sasa la zege lilipofunguliwa mwaka 1980, na Likoni imetegemea feri tangu mwaka 1937. Matokeo yake ni kichekesho ambacho wafanyabiashara wa mji wamekizoea mno hata hawakioni tena: kontena lenye kompyuta laweza kushushwa Kipevu, kilomita chache tu kutoka Magongo na Chaani, likapakiwa kwenda Nairobi kwa muagizaji wa jumla, kisha kompyuta zilizomo zikarudi Changamwe moja moja katika buti ya basi, kila moja ikiwa imeongezewa faida ya muagizaji, faida ya mchuuzi na nauli.

Ufundi wenyewe haukuanza na kompyuta. Kabla yake walikuwapo mafundi wa redio na wa saa, na wale wa taipureta waliowahudumia makarani na wapiga chapa, nao walifanya kazi kwa kanuni ambayo haijabadilika hadi leo, kwamba kifaa kilichokufa hakitupwi kwa kuwa ndicho ghala la vipuri vya kifaa kingine. Meza yenye chuma cha kulehemu, kipima umeme na mkebe wa skrubu zilizong'olewa hapa na pale ilihamishwa kutoka redio hadi televisheni, kutoka televisheni hadi deki za video, na kutoka hapo hadi kompyuta na simu, mara nyingi ndani ya kibanda kilekile. Serikali ilipotoa mwaka 1992 waraka wake wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali, jina wanaloitwa Kenya mafundi wasio na karakana rasmi, ilikuwa inautambua mfumo ambao tayari ulikuwa umewafundisha vijana wengi kazi kuliko vyuo vingi vya ufundi. Ng'ambo ya kisiwa mfumo huo ulipata nguvu ya ziada, kwani kodi ya kibanda ilikuwa nafuu, na mteja wa Mtongwe au Mlaleo hakupenda kubeba televisheni yake hadi Digo Road kisiwani kwa ajili ya fyuzi moja.

Haja ya kompyuta ilikuja kwa mawimbi. Intaneti ilianza kuuzwa kwa umma nchini katikati ya miaka ya 1990, na baada ya Jambonet, mkondo wa taifa wa mawasiliano hayo, kuanzishwa mwaka 1998, saiba zilienea, yaani vyumba vya biashara ambamo mteja hulipia dakika za kutumia mashine. Mwaka 2005 forodha ilianza kupokea matamko ya mizigo kupitia mfumo wa Simba, hivyo wakala wa forodha asiye na kompyuta akawa hana kazi, na Mombasa ni mji wa mawakala wa forodha. Mwaka 2009 waya wa TEAMS uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah ulifika Mombasa, ukifuatwa mwaka huohuo na SEACOM, na kwa mara ya kwanza mawasiliano ya nchi hayakutegemea satelaiti peke yake. Kisha huduma za serikali zenyewe zikahamia mtandaoni, zikiwamo ritani za kodi, ambazo kufikia mwaka 2015 zililazimishwa kupitia mfumo wa iTax, na watu ambao hawakuwahi kugusa kibodi wakajikuta wamepanga foleni mlangoni mwa saiba ya Bombolulu au ya Likoni kila mwezi wa Juni unapokaribia kwisha.

Wenye saiba, shule binafsi na ofisi ndogo zilizozaliwa na haja hiyo hawakuwa na uwezo wa kununua mashine mpya, na soko la mtumba liliwakidhi. Baadhi ya mashine zilipitia Dubai, ambako barabara ya Khalid bin Al Waleed ilijulikana kwa maduka ya kompyuta na ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa wenyeji wa siku nyingi. Nyingine zilitoka moja kwa moja Uingereza na zikauzwa kwa sifa ya kutoka huko. Na nyingine zilikuja kwa njia ya misaada, kwani shirika la Computer Aid International la London lilipeleka Kenya kompyuta zilizokarabatiwa, na Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilizisambaza mashuleni. Biashara hii haikukosa wapinzani. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta kuukuu kwa hoja kwamba nchi ilikuwa inageuzwa jaa, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 juu ya usafirishaji wa taka za sumu ulitungwa kwa sababu ya matendo ya aina hiyo. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya mashine iliyokufa na mashine iliyostaafishwa, na wengi waliolaumu biashara hii hawakujisumbua kuitazama.

Mashine zilizostaafishwa zilikuwa za namna moja zaidi ya nyingine zote: kompyuta ndogo za mezani za maofisini, kama OptiPlex za Dell, Compaq na EliteDesk za HP, na ThinkCentre za Lenovo. Kampuni kubwa na idara za serikali za Ulaya huzinunua au kuzikodi kwa mamia, huzitumia miaka mitatu hadi mitano, kisha huziondoa zote kwa siku moja, zikiwa zinafanana hata kwa skrubu. Kasha la OptiPlex 7010 la umbo dogo, lililotoka mwaka 2012, lina kimo cha sentimita 29, upana wa sentimita 9.3 na kina cha sentimita 31.2, kwa hiyo mashine nyingi huingia katika kontena moja kuliko yale makasha marefu ya zamani, na nauli ya meli kwa kila moja hupungua. Kwa fundi zilikuwa na faida nyingine iliyokuwa kubwa zaidi: zilibuniwa ili mfanyakazi wa ofisi azifungue haraka bila bisibisi, na kufanana kwake kulimaanisha kwamba ugavi wa umeme wa mashine moja iliyoungua ungeweza kutolewa katika nyingine ya toleo lilelile bila kubahatisha. Udogo huo ulikuwa na gharama yake pia, kwani ndani ya kasha palibaki nafasi ya diski moja tu kubwa na kisomaji kimoja chembamba cha DVD, jambo litakaloonekana uzito wake baadaye.

Sheria za Ulaya ziliingia hapa kwa njia ambayo watungaji wake hawakuikusudia. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 juu ya taka za vifaa vya umeme, ambalo Uingereza ililitekeleza kuanzia mwaka 2007, liliwabana wenye vifaa wasivitupe ovyo, na hivyo likakuza kampuni zinazokusanya mashine za ofisi na kuziuza tena. Wakati huohuo sheria za kulinda taarifa za watu, ile ya Uingereza ya mwaka 1998 na hasa kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ziliifanya diski kuwa kitu cha hatari kisheria, kwa kuwa hospitali au benki ambayo kumbukumbu za wateja wake zingekutwa katika diski iliyouzwa ingeweza kutozwa faini kubwa. Kuifuta diski kwa programu maalumu, ambayo huandika upya kila sehemu yake, huchukua saa nyingi. Kuing'oa na kuisaga huchukua dakika. Ofisi nyingi zilichagua njia ya pili, nayo mashine nzima, yenye kichakataji kizuri, kumbukumbu ya muda na ugavi wa umeme usio na kasoro, ikaingia sokoni ikiwa na kitundu mahali palipokuwa na diski. Ni haki kusema kwamba mteja wa Mikindani alinufaika na siri za watu asiowajua, ingawa kwanza ilimlazimu kununua diski.

Kwa miaka mingi diski aliyouziwa ilikuwa ya sumaku, na mara nyingi nayo ilikuwa kuukuu. Diski ya namna hii, ambayo babu yake ni ile iliyotolewa na IBM mwaka 1956 ikiwa na sahani 50 na uwezo wa herufi milioni tano tu, huhifadhi taarifa kwenye sahani zilizopakwa sumaku zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, huku mkono mwembamba ukipeleka kichwa cha kusomea kutoka duara moja hadi jingine bila kuigusa sahani. Umbali kati ya kichwa na sahani ni mdogo mno, na kila kitu katika maisha ya ng'ambo kiliufanyia uadui. Kompyuta iliyobebwa begani kwenye feri ya Likoni au mapajani ndani ya matatu ilipata mishtuko. Stima iliyokatika na kurudi mara tatu katika jioni moja ilikizima kichwa katikati ya kuandika. Na hewa yenye chumvi iliotesha kutu ya kijani kwenye viunganishi. Fundi alizijua dalili zake kwa masikio, kwani diski inayokaribia kufa hugonga, tena kwa mpigo unaojirudia, na mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011, yaliyozamisha viwanda vilivyokuwa vikitengeneza sehemu kubwa ya diski za dunia na kupandisha bei zake, yalifanya hata hizo zinazogonga zipate mnunuzi.

Dawa ya udhaifu huo ilikuwa imekwisha kubuniwa zamani. Mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani alitangaza mwaka 1984 aina ya chipu inayotunza taarifa bila umeme, na mwaka 1987 akatangaza ile iitwayo NAND, ambayo seli zake hupangwa kwa mnyororo na hivyo hubeba taarifa nyingi katika eneo dogo. Mwaka 1991 SanDisk iliiuzia IBM diski ya chipu yenye megabaiti 20 kwa takriban dola 1,000, bei ambayo jeshi au kiwanda cha ndege lingeweza kuivumilia na mwenye saiba hangeweza. Intel ilipotoa X25-M mwaka 2008, diski mango ya gigabaiti 80, bei yake ilikuwa karibu dola 600, yaani zaidi ya thamani ya kompyuta kuukuu kadhaa. Katika mwaka 2012 bei ilianza kushuka chini ya dola moja kwa gigabaiti, ikapanda tena kidogo kati ya mwaka 2016 na 2018 chipu zilipoadimika, na kufikia mwaka 2019 ilikuwa imekaribia senti kumi za dola. Hapo ndipo diski mango ndogo ya gigabaiti 120 ilipokuwa kitu ambacho fundi wa Kisauni angeweza kuwa nacho rafuni bila kufunga mtaji wa mwezi mzima.

Bei peke yake isingetosha kama mashine zisingekuwa zimeanza kugandaganda. Windows XP, iliyokuwa mfalme wa saiba, iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 10 ikatoka mwezi wa Julai mwaka uliofuata ikiwa na mazoea mapya: hupakua masasisho yenyewe, hukagua virusi chinichini, hupanga faharasa ya mafaili na kutabiri programu ambayo mtumiaji ataifungua, yote hayo kwa wakati mmoja na yote yakiitaka diski. Diski ya sumaku inayozunguka mara 120 kwa sekunde hungoja kwa wastani milisekunde nne hivi ili sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa, na mkono wake huchukua milisekunde nane au tisa kusogea, kwa hiyo haiwezi kutimiza zaidi ya maombi themanini hivi ya huku na kule katika sekunde moja. Hali yake ni ya karani wa ghala aliyeagizwa karatasi mojamoja kutoka rafu mbalimbali na watu kumi wanaopiga kelele pamoja. Diski mango hujibu ombi kwa muda unaokaribia sehemu ya kumi ya milisekunde, na hata zile za bei ya chini hutimiza maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Watumiaji waliona jambo moja tu, kwamba kipimo cha diski katika orodha ya kazi kilikwama kwenye asilimia 100 na kishale cha kipanya kikagoma, nao wakailaumu intaneti au kuilaumu kompyuta nzima kwa uzee. Lawama hiyo haikuwa ya haki kwa kichakataji cha mwaka 2012, ambacho bado kilitosha kabisa kwa barua, hesabu na ritani za kodi. Baada ya nyaya za bahari kuondoa kigugumizi cha mtandao, kigugumizi kilichobaki kilikuwa cha sahani na mkono wake, na kisingeweza kuonekana wazi kabla ya hapo.

Kazi yenyewe ya kuiongeza diski mango katika kasha dogo inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake ndimo ujuzi wa mitaa hii ulipojikusanya. Fundi huvuta kishikizo cha ubavuni, kifuniko kinafunguka, na mbele yake hujitokeza kisomaji cha DVD na kitanda cha diski cha inchi 3.5 chenye vibano vya plastiki, vya rangi ya buluu kwa mashine za Dell. Diski mango ya kawaida ni ya inchi 2.5, ndogo kuliko kitanda hicho, hivyo huhitaji fremu ya kuishikilia. Lakini kwa kuwa haina kinachozunguka wala kinachotetema, mafundi wengi huibandika ubavuni mwa kasha kwa utepe wenye gundi pande mbili na kuiacha hapo, jambo ambalo mwongozo wa mtengenezaji haulitaji na ambalo halina madhara mradi utepe ushike katika joto la Februari. Panapotakiwa kubakiza diski ya sumaku pia, kiungo cha pili cha taarifa kwenye bodi kuu huwa tayari kimeshikwa na DVD, na kichwa chake cha umeme ni chembamba kuliko cha diski. Hapo hutumika kijaluba cha bati chenye unene wa milimita 12.7 au 9.5, sawasawa na DVD, ambacho upande mmoja hupokea diski mango na upande wa pili huingia mahali pa DVD, kisha mlango wa mbele ukafungwa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Katika baadhi ya mashine zilizofuata, kama OptiPlex 9020, umeme wa diski hautoki kwenye ugavi bali kwenye bodi kuu kwa kebo ya umbo lake peke yake, na kebo ya kuugawanya huwa adimu kuliko diski yenyewe.

Sehemu ngumu haipo kwenye chuma. Mashine hizi zina mpangilio wa awali uitwao bayosi, ambao huamua namna bodi kuu inavyozungumza na diski, na nyingi za Dell hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye mtindo wa RAID, uliokusudiwa kwa diski kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, badala ya AHCI unaofaa kwa diski moja moja. Fundi mzoefu huhamisha mpangilio huo kwenda AHCI kabla ya kuweka Windows, na hapo kila kitu huenda sawa hadi betri ya mviringo ya CR2032 iliyo kwenye bodi inapokufa, kama inavyotazamiwa kwa mashine yenye umri wa miaka kumi. Stima ikikatika usiku, bayosi husahau, hurudi kwenye RAID, na asubuhi Windows hushindwa kuwaka ikionyesha skrini ya buluu. Mteja hudhani SSD aliyouziwa ni feki. Aliyekwenda kwa fundi asiyeijua siri hii huuziwa nyingine. Na dalili iliyokuwa wazi tangu mwanzo, yaani saa ya kompyuta iliyorudi nyuma miaka kadhaa, haikutazamwa na yeyote. Fundi anayetazama saa kwanza hubadilisha betri na kurejesha mpangilio, na kazi imekwisha. Jambo la kasi kamili, kinyume chake, halina uzito linaopewa madukani: mashine za zamani zaidi, kama OptiPlex 780 ya mwaka 2009, zina njia ya kuunganisha diski na bodi kuu, iitwayo SATA, ya gigabiti tatu tu kwa sekunde, nusu ya ile diski inayoiweza, na mtumiaji wake hataona tofauti, kwa sababu alichokikosa tangu awali ni wepesi wa kujibu.

Diski ya zamani haikutupwa. Picha za harusi, video za maulidi, filamu ambazo maduka hupakia katika flashi za wateja, na mafaili ya chapa yaliyolimbikizwa tangu saiba ilipofunguliwa havikuweza kuingia katika gigabaiti 120, na kwa sababu hiyo mtindo uliokita mizizi ukawa wa diski mbili, mango kwa ajili ya Windows na sumaku kwa ajili ya ghala. Mwezi wa Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, na kuanzia tarehe 8 Aprili hadi mwezi wa Julai safari za kuingia na kutoka Mombasa zilipozuiwa, masomo na kazi vilihamia nyumbani wakati ambapo haikuwa rahisi kusafiri Nairobi kuleta bidhaa. Mashine zilizokuwa zimerundikwa stoo kwa kuonekana zimechoka zilipata nafasi ya kurudishwa mezani, na kwa nyingi kati yake tiba iliyohitajika ilikuwa hiyohiyo.

Mafundi wenyewe walipata faida na hasara. Kompyuta yenye diski ya sumaku humrudisha mteja kila baada ya miezi michache, ama kufomatiwa, ama kuokolewa mafaili, ama kubadilishiwa diski inayogonga, na mapato hayo madogo ya kila mara ndiyo yaliyolipa kodi ya kibanda. Yenye diski mango hurudi kwa nadra. Lakini inaporudi, mara nyingi hairudi na onyo lolote, kwani chipu hazigongi wala haziungurumi. Jana kompyuta ilifanya kazi, leo bayosi haioni diski kabisa, na mafaili yaliyomo hayaokoleki kwa zana za mezani ambazo fundi alizizoea. Sokoni nako zimeingia diski bandia, zenye kasha zuri na uwezo ulioandikwa mkubwa kuliko chipu zilizomo, ambazo huonyesha gigabaiti nyingi hadi sehemu ya kweli inapojaa na mafaili mapya yakaanza kuharibu ya zamani. Ujuzi unaothaminiwa sasa ni wa kupima diski kwa kuijaza yote na kuisoma tena kabla ya kuikabidhi, kazi ya saa moja au mbili ambayo mteja haioni na hapendi kuilipia.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, huku Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ikidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na vichakataji vya Intel vya kizazi cha nane kuendelea. Kwa sharti hilo OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 na jamaa zake zote zilizofufuliwa kwa diski mango zimewekwa nje ya mlango, si kwa sababu zimekuwa nzito, na uamuzi huo ni mgumu kuutetea mbele ya mtu aliyeziona zikiwaka kwa sekunde chache. Baadhi ya mafundi huziwekea Linux, mfumo usiolipiwa, hasa kwa saiba ambazo kazi yake yote imo ndani ya kivinjari. Baadhi huendelea na Windows 10 bila masasisho. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayowataka watengenezaji na waagizaji wabebe mzigo wa bidhaa zao zinapochakaa, bado haijafika mpaka kwenye kibanda cha Chaani. Ofisi za Ulaya nazo zimekwisha kuanza kuziondoa mashine za kizazi cha nane na cha tisa, nyingi zikiwa za umbo dogo zaidi, lisilozidi ukubwa wa kitabu kinene, zinazotumia diski mango ya umbo la kijiti, iitwayo M.2, inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi kuu na kuacha wazi nafasi moja ya inchi 2.5. Katika nafasi hiyo fundi wa Likoni huchomeka ile SSD aliyoing'oa katika kasha la zamani la mteja wake, ikiwa bado nzima, nayo huchukua kazi iliyokuwa ya diski ya sumaku, ya kutunza picha za harusi na mafaili ya chapa.